Gredi ya Pili

Ndahani wa Chuo Kikuu amekuja na daftari.
Amesimama penye meza yangu hapa Sabasaba,
vumbi la Agosti limempaka nyusi.
Anasema, Mama Chiloleti, nina swali la mwalimu:
ni watu wa aina gani hasa
wanaobeba sura ya Marekani ya leo?
Majibu ameshayaandika, anataka tu muhuri:
tajiri, mwanajeshi, mhubiri wa runinga,
mcheza sinema mwenye meno yote.

Mimi nina mkasi mkononi na belo halijafunguliwa.
Ngoja, namwambia. Shika kamba upande huo.

Belo likikatwa hupumua.
Hutoa harufu ya sabuni ya kwao, tamu kama peremende,
na chini ya sabuni, kwapa la mtu.

Miaka kumi na tisa nawachambua hawa.
Tajiri wao sijamkuta; labda huzikwa na nguo zake.
Mwanajeshi nilimkuta mara moja, koti bila vifungo,
mfukoni kikaratasi cha vidonge vya usingizi.
Anayekuja kila belo, andika huyu, Ndahani,
ni mtu mwenye jina kifuani.
Limeshonwa kwa uzi mwekundu: Denisi. Lupe.
Hekta, kama ya shamba.
Shati la kufagia, la kuuza mafuta, la kupanga maboksi ghalani,
bega moja limelika, lile la mzigo.
Nikawa najiuliza, nchi gani hiyo
bwana hamjui mtumishi wake mpaka amshonee jina?
Halafu nakumbuka vitambulisho vya watu wa wizarani,
kule Mtumba (jina la mahali, sikulitia mimi),
vinavyoning'inia shingoni hadi kwenye foleni ya chipsi.
Nanyamaza.

Kuna suruali ya nesi, ya buluu, magoti yamepauka,
kwa sala au kwa kudeki, sijui.
Kuna viatu vya kichanga, lebo bado ipo.
Hivyo siviulizi. Naviweka chini ya meza.

Na kulikuwa na fulana moja. Mwezi mzima sikuitundika.
Uso wa kijana umechapwa kifuani, anacheka, kofia upande,
chini yake miaka miwili, kama kwenye msalaba wa makaburini.
Nilitoa mmoja kwa mwingine kwa vidole: kumi na saba.
Ukoo mzima uliivaa siku moja,
wakaimba, wakala, wakatawanyika,
na mmoja wao, shangazi labda,
akashindwa kufungua kabati.
Mwishowe Lechipya wa mkokoteni akaiomba,
shati lake lilikuwa limebaki nyuzi.
Nilimpa bure. Ningempangia bei gani?
Sasa anasukuma magunia ya karanga kwenda Majengo
na yule kijana anacheka juani kutwa.
Watoto wa shule wanasoma jina, wanaita, Terensi! Terensi!
Lechipya hugeuka.
Siku hizi huitika.

Ndahani ameacha kuandika, kalamu iko sikioni.
Lakini Mama, anasema, hawa ni waliotoa nguo.
Mwalimu atauliza, na wale wasiotoa?
Kweli. Hao sina.
Mimi nchi ile naiona mgongo tu,
kama anayekaa nyuma kanisani.

Akaanza kupekua. Jumatatu ana usaili, anataka koti.
Akapata la kijivu, mikono mirefu kidogo.
Akatia mkono mfukoni, kama wafanyavyo wote,
akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne,
mwandiko wa haraka, wa penseli.
Soma, nikamwambia, wewe ndiye msomi.
Akasoma polepole, akigeuza kwa Kiswahili:
maziwa. Betri. Chakula cha paka.
Kodi, omba wiki moja zaidi.

Nikatazama kule anakopitia mzee Mabalwe,
mwenye kibanda hiki, kila mwisho wa mwezi.

Koti bei gani, akauliza.
Elfu kumi na mbili.
Nina nane, Mama.
Chukua.
Daftari alilisahau mezani, akarudi kulifuata.
Karatasi hakunirudishia.